Makwan Amirkhani wa Finland: goti la sekunde nane limeficha kazi yake halisi, ambayo ni kabali

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila likitajwa jina la Makwan Amirkhani kwenye mijadala ya MMA (mapigano ya kizimbani yanayochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali), mazungumzo huishia palepale yanapoanzia, yaani usiku wa tarehe 24 Januari 2015 katika uwanja wa Tele2 Arena, Stockholm. Kijana wa Finland ambaye wapenzi wengi wa UFC, shirika la Marekani linaloandaa mapambano ya MMA, walikuwa hawajawahi kumsikia alivuka kizimba mbio mara tu pambano lilipoanza, akaruka na goti, likampata Mwingereza Andy Ogle, akafuatishia ngumi, na mwamuzi akaingilia kati ikiwa ni sekunde ya nane tu. Alipata bonasi ya dola 50,000 usiku huohuo, na jina la utani la “Mr. Finland” likaenea.

Nimefungua uzi huu kwa sababu naona pambano lile limewafanya watu wengi wamsome vibaya mpiganaji huyu. Anahukumiwa kama mtu wa mateke na magoti ya kushtukiza aliyebahatika siku moja kisha akaishiwa. Ukiyatazama mapambano yake yote 14 ya UFC kwa mpangilio, utakutana na mtu mwingine kabisa: mwanamieleka, fundi wa kabali moja aliyoijua kuliko wengi katika uzito wake, ambaye mpinzani wake mkubwa kuliko wote alikuwa saa ya ukutani.

Amirkhani alizaliwa mwaka 1988 Kermanshah, magharibi mwa Iran, katika familia ya Kikurdi, akafika Finland akiwa mtoto. Mchezo wake wa kwanza ni mieleka, na hilo halishangazi mtu anayezijua nchi hizi mbili. Iran ni miongoni mwa mataifa makubwa ya mieleka duniani, na Finland nayo ina historia ndefu ya mieleka ya Kigiriki na Kirumi, ile ambayo hairuhusiwi kushika miguu. Verner Weckman aliiletea Finland medali ya dhahabu katika Olimpiki ya London ya mwaka 1908. Miaka minne baadaye, katika Olimpiki ya Stockholm, Mfini Alfred Asikainen alipambana na Martin Klein, Mwestonia aliyekuwa akiiwakilisha Urusi, katika nusu fainali iliyodumu saa 11 na dakika 40. Klein ndiye aliyeshinda, lakini alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa kupanda kwenye fainali. Kwa hiyo jiji la Stockholm limewaona Wafini wawili kwa vipimo viwili vya muda vilivyo mbali mno, na mimi nadhani swali la muda ndilo linaloieleza vizuri zaidi kazi ya Amirkhani.

Alipoingia UFC alikuwa ameshinda mapambano 10 na kupoteza 2, akipigana katika uzito wa unyoya, yaani pauni 145, karibu kilo 66. Baada ya Ogle akapelekwa Berlin mwezi Juni mwaka huohuo, ambako alimmaliza Masio Fullen katika raundi ya kwanza kwa kabali ya kutokea mgongoni. Mwezi Februari 2016 katika ukumbi wa O2, London, alimshinda Mike Wilkinson kwa kauli moja ya majaji. Hapo tayari picha ilikuwa imeanza kubadilika kwa anayetaka kuiona, maana pambano la Wilkinson lilikuwa la kuangusha, kubana na kukandamiza kwa dakika kumi na tano. Hakuna goti lililoruka.

Kisha tarehe 18 Machi 2017, katika ukumbi uleule wa O2, akakutana na Arnold Allen. Majaji waligawanyika na ushindi ukaenda kwa Mwingereza. Wakati ule watu walisema Amirkhani amefichuliwa. Leo sentensi hiyo haiwezi kusimama, kwa sababu Allen hakupoteza pambano lolote ndani ya UFC mpaka alipokutana na Max Holloway mwezi Aprili 2023, na Amirkhani alimfikisha hadi majaji wakashindwa kukubaliana.

Baada ya hapo akakaa nje ya kizimba kwa zaidi ya mwaka. Mazoezi yake akayapeleka Dublin, katika klabu ya SBG Ireland chini ya kocha John Kavanagh, ambako ndiko alikotokea Conor McGregor. Alirudi Mei 2018 Liverpool akamshinda Jason Knight, safari hii majaji wakigawanyika kwa faida yake.

Sasa tufike kwenye kiini cha uzi. Tarehe 1 Juni 2019, Stockholm kwa mara nyingine, Amirkhani alimnyonga Chris Fishgold katika raundi ya pili kwa kabali ya anakonda. Julai 2020, Abu Dhabi, katika UFC 251, alimnyonga Danny Henry katika raundi ya kwanza kwa kabali hiyohiyo, na Henry alipoteza fahamu kabla hajapata nafasi ya kugonga, ishara ya kukubali kushindwa. Machi 2022, London, alimnyonga Mike Grundy kwa kabali hiyohiyo katika sekunde ya 57. Grundy si mtu wa kuokotwa. Ni mwanamieleka aliyeipatia Uingereza medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow mwaka 2014. Kumkamata mtu wa namna hiyo shingo, tena ndani ya dakika ya kwanza, wakati yeye mwenyewe amekulia katika kuzilinda shingo na kuzishambulia, ni kazi ya fundi.

Anakonda inafanya kazi hivi. Mpinzani anapokuja chini kutaka miguu yako, wewe unarudisha miguu nyuma na kumlalia mabegani, kichwa chake kikabaki chini ya kifua chako. Mkono mmoja unapita chini ya shingo yake na kutokea kwapani upande wa pili. Kiganja cha mkono huo kinaushika mkono wako mwingine juu ya kiwiko, na mkono huo wa pili unafunga mgongoni kwake. Shingo yake na bega lake mwenyewe sasa vimo ndani ya pete moja. Mshipa wa damu wa upande mmoja unabanwa na mkono wako, na wa upande wa pili unabanwa na bega lake. Ndiyo maana mtu huzimika bila koo lake kuguswa sana: damu haipandi kichwani. Wengi wakishafunga hujiviringisha ubavuni na kumgeuza mpinzani, kisha hutembeza miguu kuelekea miguu yake, na kila hatua inaikaza pete.

Tazameni Amirkhani anavyofanya. Hangoji mpinzani aje chini kwa hiari yake. Humshusha kichwa kwa nguvu za mieleka wakati wanasukumana wamesimama, na mkono unakuwa umekwisha kuingia kabla mpinzani hajajua kama yuko kwenye hatari. Anayedhani anajiokoa kwa kumwangusha Amirkhani ndiye anayeileta shingo yake mahali inapotakiwa.

Upande wa pili wa hesabu ni huu. Katika UFC ameshinda mapambano 7 na kupoteza 7. Katika ushindi huo, mapambano matano aliyamaliza kabla ya majaji: Ogle, Fullen, Henry na Grundy katika raundi ya kwanza, Fishgold katika raundi ya pili. Hakuna mpinzani hata mmoja ambaye yeye alimmaliza katika raundi ya tatu. Na katika vipigo vyake vyote saba, hakuna hata kimoja kilichokuja katika raundi ya kwanza. Raundi ya pili imemwangusha mara tatu, ya tatu mara moja, na majaji wamempa hasara mara tatu. Mpiganaji huyu ndani ya dakika tano za mwanzo alikuwa hatari kwa yeyote. Baada ya hapo kila dakika ilikuwa inamhesabia deni.

Karibuni tuchangie.

Mchangiaji wa kwanza

Asante mkuu kwa uzi ulioshiba. Hoja ya raundi naikubali, ila sikubaliani nawe ukisema goti lile limemficha. Bila sekunde zile nane, nani angemjua? Wapo Wafini waliomtangulia UFC na hakuna anayewataja humu. Anton Kuivanen alimshinda Mitch Clarke katika UFC 149 mwaka 2012. Tom Niinimäki alimshinda Rani Yahya Las Vegas mwishoni mwa mwaka 2013. Hao wote walishinda kwa majaji kugawanyika, na majina yao yamebaki kwao Finland. Goti lilimfungulia mlango wa riziki.

Mleta uzi

Mkuu, kwamba lilimfungulia mlango sibishi. Ninachosema ni kwamba lilimfungulia mlango kwa jina la mtu mwingine. Mashabiki walinunua tiketi wakitarajia mrukaji, na kila pambano lililokwenda majaji likaonekana kama upungufu, hata pale alipofanya mieleka safi. Mpiganaji akishapewa umbo na mashabiki, kulivua ni kazi.

Halafu tukumbuke kwamba sifa za aina hiyo hazidumu. Julai 2019 Jorge Masvidal alimwangusha Ben Askren kwa goti la kuruka katika sekunde ya tano, na tangu hapo anayetaka kuonyesha goti la haraka huonyesha lile. Kabali ya Amirkhani dhidi ya Grundy, kwa maoni yangu, ni kazi ngumu zaidi kuliko magoti yote mawili, na wanaoikumbuka ni wachache, hasa kwa sababu usiku ule wa O2 ulijaa mambo: Tom Aspinall, Paddy Pimblett, Molly McCann, Ilia Topuria, wote walishinda, na wapiganaji tisa wakapewa bonasi ya dola 50,000 kila mmoja. Amirkhani alikuwa mmoja wa hao tisa.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuongeza historia kidogo, maana vijana wengi wanadhani Finland iliingia UFC juzi. Mfini wa mwanzo ninayemkumbuka ni Tony Halme, katika UFC 13 iliyofanyika Augusta, jimbo la Georgia, tarehe 30 Mei 1997. Halme alikuwa pande la mtu, amepita katika ndondi na katika mieleka ya maonyesho ya WWF, ambako mwaka 1993 alijulikana kwa jina la Ludvig Borga. Aliyepangiwa naye alikuwa mgeni aliyeingia kizimbani kwa mara ya kwanza, Randy Couture, mwanamieleka wa Kigiriki na Kirumi. Haikufika dakika moja. Couture alimwangusha, akapanda mgongoni, akampiga kabali. Halme baadaye aliingia siasa, akachaguliwa mbunge mwaka 2003 kwa kura zaidi ya 16,000, na alifariki mwaka 2010.

Nimelileta hili kwa sababu linaunga mkono hoja ya mleta uzi. Mfini wa mwaka 1997 alikuwa mtu wa ngumi na maguvu, akanyongwa na mwanamieleka. Mfini wa mwaka 2022 ndiye alikuwa mwanamieleka anayenyonga.

Mleta uzi

Shukrani sana, mkuu, mchango huu umeupa uzi kina. Niongeze Mfini mwingine anayesahaulika, Teemu Packalén. Usiku ule Amirkhani alipomshinda Wilkinson London mwaka 2016, Packalén naye alikuwa kwenye orodha, akamnyonga Mfaransa Thibault Gouti katika sekunde 24. Mwaka uliofuata, usiku ule Amirkhani alipopoteza kwa Allen, Packalén naye alikuwapo tena, na safari hii aliangushwa kwa ngumi katika raundi ya kwanza na Marc Diakiese, kijana mzaliwa wa Kongo aliyekulia Uingereza. Mara mbili ukumbi uleule umewapokea Wafini wawili kwa pamoja na kuwarudisha nyumbani na matokeo yanayofanana.

Ukumbi wa O2 wenyewe una sehemu kubwa katika habari hii. Wilkinson, Allen, Grundy, Jonathan Pearce na Jack Shore, wote alipambana nao pale. Ni mapambano matano kati ya 14. UFC haikuwa na desturi ya kwenda Finland, hivyo “nyumbani” kwake palikuwa Stockholm na London, na mara nyingi mpinzani alikuwa ni Mwingereza anayeshangiliwa na ukumbi mzima.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, nina swali. Umesema saa ndiyo mpinzani wake mkubwa. Je, ni pumzi tu? Mbona mwanamieleka achoke kiasi hicho, wakati mieleka ndiyo mchezo unaojenga pumzi kuliko michezo mingi?

Mleta uzi

Swali zuri, na nitalijibu kwa kirefu kidogo.

Kuna uchovu wa mapafu na kuna uchovu wa mikono. Unapokaza kabali, misuli ya mikono, mabega na kifua inabaki imekazwa bila kulegea, pengine kwa sekunde thelathini au zaidi. Msuli uliokazwa hivyo unajibania damu wenyewe, hewa safi haiingii vya kutosha, na taka za kazi haziondoki. Mpinzani akizimika, hakuna gharama. Mpinzani akitoka, umebaki na mikono mizito na dakika kumi za kupigana mbele yako. Kila mtaalamu wa kabali za mbele anaijua bei hiyo, na ndiyo maana wengine wakihisi pete haijakaa sawasawa huachia mapema ili wabaki na akiba. Amirkhani, kwa nilivyomtazama, hakuwa mwepesi wa kuachia.

Jingine ni kumwangusha mtu anayejua kujiegemeza kwenye uzio. Katika mieleka ya mkekani hakuna ukuta. Katika kizimba, mpinzani anaweka mgongo kwenye uzio, na wewe unabeba uzito wake pamoja na ukinzani wa uzio wenyewe. Ukifanikiwa, ananyanyuka tena kwa kuutumia uzio uleule, nawe unaanza upya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Shane Burgos, tarehe 2 Novemba 2019, UFC 244, Madison Square Garden. Amirkhani alianza vizuri kwa kumbana na kumwangusha. Burgos hakuhangaika, alianza kupeleka ngumi mbavuni na tumboni, ngumi ambazo kwa mtazamaji hazina mvuto lakini ndizo zinazokata pumzi. Raundi ya pili mikono ya Mfini ilikuwa imeshuka. Raundi ya tatu ikielekea ukingoni mwamuzi alilisimamisha pambano. Wapenzi wa ndondi wanaijua kazi hiyo vizuri, kwamba anayewekeza mwilini mapema huvuna mwishoni.

Mchangiaji wa kwanza

Na Lerone Murphy je? Lile halikuwa suala la uchovu, maana raundi ya pili ilikuwa haijafika popote.

Mleta uzi

Hapo umenishika pazuri, mkuu. Pambano la Murphy, tarehe 30 Oktoba 2021 huko Abu Dhabi, linahitaji maelezo ya peke yake.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Amirkhani. Alimwangusha Murphy, akamdhibiti chini, na mtu aliyeona raundi hiyo pekee angesema Mfini amepata tiba. Raundi ya pili ikaanza, na katika sekunde ya 14 Amirkhani akaingia chini kufuata miguu, kwa njia ileile iliyofanya kazi raundi iliyopita. Murphy alikuwa anaingoja. Goti likapanda kichwa kikishuka, vikakutana, na pambano likaishia hapo.

Kwangu mimi hili nalo linahusu muda, ila kwa namna nyingine. Mpiganaji anayejua kwamba dakika zake ni chache hulazimika kuwahi. Hana nafasi ya kutumia raundi nzima akimzoesha mpinzani ngumi za uongo ili baadaye ainame bila kutarajiwa. Anainama mapema, anainama mara nyingi, na anayeinama mara nyingi husomwa. Murphy alikuwa na dakika tano za kumsoma na sekunde sitini za kupumzika na kusikiliza kona yake. Amirkhani hakuadhibiwa kwa kuchoka. Aliadhibiwa kwa kurudia.

Edson Barboza alimfanyia jambo linalokaribiana na hilo Oktoba 2020, ingawa Mfini alivumilia hadi mwisho na kupoteza kwa majaji. Kamuela Kirk naye alimshinda kwa majaji Juni 2021, tena Kirk akiwa ndiyo kwanza anaingia UFC na ameitwa kwa taarifa ya muda mfupi. Hicho ndicho kipigo ninachokiona kibaya kuliko vyote katika rekodi yake, kwa sababu mbele ya Burgos, Barboza na Murphy kulikuwa na sababu za kiufundi unazoweza kuzionyesha, na mbele ya Kirk alikuwa na kila nafasi ya kuamua pambano liende atakavyo.

Mchangiaji wa pili

Na mwisho wake UFC ulikuwaje? Baada ya Grundy nilimtegemea ainuke.

Mleta uzi

Hakuinuka. Miezi minne baada ya Grundy, Julai 2022, Pearce alimpiga hadi mwamuzi akasimamisha katika raundi ya pili. Machi 2023, katika UFC 286, Jack Shore, Mwelsh aliyekuwa amepanda kutoka uzito wa chini, alimnyonga kwa kabali ya kutokea mgongoni, nayo ikiwa raundi ya pili. Lilikuwa pambano lake la mwisho UFC, na rekodi yake ya jumla ikasomeka ushindi 17 na vipigo 9. Ilikuwa pia mara ya kwanza ndani ya UFC kwa fundi huyu wa kabali kumalizwa kwa kabali.

Kwa anayetaka kumjua kwa mapambano machache, napendekeza aanze na Fishgold, aone jinsi mkono unavyotafuta njia kwa subira mpaka raundi ya pili, kisha Grundy, kisha Burgos. Ogle abaki wa mwisho.

Pambano la Allen la mwaka 2017 sijalichambua raundi kwa raundi, makusudi. Majaji waligawanyika, na mimi nampa Allen kwa sababu ya kazi yake ya kusimama, lakini ninajua wapo wadau humu wanaozihesabu dakika za Amirkhani akiwa juu kuwa na thamani zaidi. Mwenye hesabu yake ya raundi tatu zile aiweke hapa, raundi kwa raundi, tuijadili.